Mpe Kazi Nzima, Usimtumetume: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kazi za Nyumbani kwa Watoto

Barua nyingi za safari hii zimetoka Dodoma mjini na wilaya za jirani, na zinazunguka jambo moja: mtoto asaidie nini nyumbani, aanze na umri gani, na afundishwe vipi mpaka kazi ishike. Tumechagua sita, na moja fupi ya kumalizia. Majina ya walioandika tumeyaacha.

Ratiba ukutani haikudumu wiki mbili

*Habari za kazi. Nafanya kazi Mtumba, natoka nyumbani alfajiri na kurudi saa moja usiku. Dada wa kazi ameondoka. Nina watoto watatu: wa kiume miaka 13, wa kike miaka 9 na wa mwisho miaka 5. Nikirudi nakuta vyombo vimejaa, ndoo tupu, nguo bado zipo kwenye kamba. Nikifoka wanafanya, kesho yake ni yale yale. Nilibandika ratiba ukutani, kila mtu na siku yake, wakaiacha. Nifanyeje?* — Mama wa watatu, Nkuhungu

Pole na majukumu, mama. Ratiba za ukutani nyingi hufa kwa sababu moja: zinagawa siku badala ya kugawa kazi. Jumatatu vyombo ni vya kaka, Jumanne ni vya dada. Kaka akiacha sufuria imeganda ukoko, kesho itamwangukia mwenzake. Na mwenzake akiikuta atasema ni ya jana, si yake. Ugomvi unaanzia hapo.

Halafu kuna kutumwa. "Nenda kaanue nguo." "Lete kopo." "Hebu fagia hapo." Mtoto anayetumwa kutwa nzima huchoka kuliko aliyepewa kazi moja ngumu, na hajifunzi kuiona kazi kwa macho yake. Anajifunza kusubiri kuitwa. Ndiyo maana usipokuwepo hakuna kinachofanyika: mtumaji hayupo.

Mpe kila mmoja kazi nzima, yenye mwanzo na mwisho, na akae nayo mwezi mzima kabla ya kubadilishana. Chukua mfano wa maji, umkabidhi huyo wa miaka 13. Kazi ya maji haiishii kuchota. Ajue siku za mgao mtaani kwenu, afungue koki na kuyaacha maji ya mwanzo yakiwa na tope yapite kwenye ndoo ya kufulia madekio, ajaze pipa kisha ndoo za jikoni, afunike, asugue pipa kwa ndani kila baada ya wiki mbili wakati maji yako chini, na akuambie mapema yakibaki ndoo tatu. Hapo maji ni yake. Yakikwisha ghafla, swali ni moja tu na linamhusu mtu mmoja.

Wa miaka 9 achukue vyombo, au nguo kuanzia kuanua hadi kukunja na kuweka kwenye kabati la kila mtu. Vyote viwili kwa pamoja ni vingi siku ya shule. Wa miaka 5 apange mkeka na sahani za plastiki kabla ya chakula, apange viatu vya wote mlangoni, atafute soksi pacha zake. Kwa muda, kisia dakika 10 kwa huyo mdogo, nusu saa kwa wa kati, na kama dakika 45 kwa mkubwa siku za shule.

Saa ya ukutani isiwe kengele yenu. "Saa kumi na moja uoshe vyombo" haimwambii kitu mtoto aliyetoka shule na njaa. Funga kazi kwenye jambo analolifanya kila siku: ukishavua yunifomu na kula, unaosha ulichokikuta, jua likianza kushuka, unaanua nguo. Kwa Dodoma hiyo ya nguo ina maana yake, maana kiangazi upepo wa jioni unabeba vumbi, na shati jeupe lililoachwa kwenye kamba linaingia ndani likiwa la udongo.

Kufundisha kunachukua siku nne kwa kila kazi. Siku ya kwanza unafanya wewe huku unasema kila hatua, yeye anatazama. Ya pili mnafanya pamoja. Ya tatu anafanya yeye, wewe unakaa kwenye kigoda na mikono yako iko mapajani. Ya nne anafanya peke yake, wewe unakuja kukagua mwisho. Wazazi wengi huanguka siku ya tatu. Wanamwona mtoto anasugua upande mmoja wa sufuria dakika tano, uvumilivu unaisha, wanamnyang'anya sponji. Ukimnyang'anya mara moja tu amejua: kazi mbaya humrudia mama. Kwa ratiba yako, fundisha mwisho wa wiki, kila kazi ichukue Jumamosi na Jumapili za wiki mbili. Baada ya mwezi na nusu hivi mtakuwa mmefika.

Ukirudi usiku, kagua kitu kimoja kilekile kila siku, kwa mfano kitako cha sufuria ya ugali. Kikiwa kichafu, mwite amalizie kabla ya kulala, kwa sauti ya kawaida. Usiimalizie wewe akiwa amelala.

Vyombo vina mafuta, maji yameisha

*Mwanangu ana miaka 9, anaosha vyombo kwa moyo kabisa. Tatizo ni mawili. Vinabaki na utelezi wa mafuta, na anamaliza ndoo mbili za lita 20 kwa vyombo vya watu sita. Huku maji ya bomba ni ya mgao, siku nyingine tunatumia ya kisima.* — Baba Nzuguni

Hayo matatizo mawili ni tatizo moja. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvichumvi, na sabuni ya mche kwenye maji hayo haitoi povu. Inaganda na kuacha utando mweupe juu ya beseni. Mtoto anatafuta povu kwa sababu amefundishwa kuwa povu ndiyo usafi, basi anaongeza sabuni, kisha anahitaji maji mengi ya kuiondoa. Ule utelezi alioacha kwenye sahani mara nyingi ni mafuta yaliyochanganyika na huo utando. Mnunulie sabuni ya maji ya vyombo, haisumbuliwi sana na chumvi, na mwambie kwamba povu kidogo linatosha.

Vyombo vya watu sita vinaoshwa vizuri kwa lita 15. Tumia mabeseni matatu, na mpimie maji kwa jagi la lita moja mpaka jicho lake lizoee.

Kabla ya yote, akwangue mabaki yote kwa mwiko au mkono, na sahani zenye mchuzi wa mafuta azifute kwa karatasi. Hapa ndipo nusu ya maji yenu inapookolewa. Mafuta yakishaingia kwenye beseni la kwanza, kila chombo kinachofuata kitayavaa.

Sufuria ya ugali ilowekwe mara tu ugali ukishapakuliwa, siyo baada ya kula. Maji lita moja, na yawe ya baridi. Watu wengi humimina ya moto wakidhani yatalainisha haraka, lakini moto unaupika unga uliobaki na kuugandisha zaidi. Baada ya nusu saa kwenye maji baridi ukoko unabanduka kama ganda, na mtoto hahitaji kukwaruza kwa kisu.

Sasa beseni la kwanza: lita 5 za maji ya uvuguvugu na kijiko kimoja cha chakula cha sabuni, ikorogwe humo. Asimimine sabuni juu ya kila sahani. Aanze na glasi na vikombe, halafu vijiko, sahani, mabakuli, mwisho sufuria. Beseni la pili lita 4, la kusuuza sabuni. La tatu lita 4, la kusuuzia mara ya mwisho. Hizo ni lita 13. Mbili zinazobaki ni moja ya kulowekea sufuria na moja ya kuisuuzia. Maji ya beseni la tatu yakiwa bado angavu, siku inayofuata yanaweza kuanzia kazi ya kudeki. Yale ya kwanza yamwagwe chooni.

Vyombo vikauke vimepinduliwa kwenye kichanja, juani. Vikifutwa kwa kitambaa kilichokaa jikoni siku tatu, vinarudishiwa uchafu. Kwa sababu ya vumbi, tandaza kipande cha chandarua safi juu ya kichanja, na avitoe vikikauka badala ya kuviacha mpaka jioni.

Hakikisha pia anaosha akiwa amekaa au amesimama sawasawa. Mtoto anayeinama nusu saa juu ya beseni lililo chini atakimbia kazi hiyo, na mtaita uvivu kumbe ni mgongo. Weka beseni juu ya kichanja au meza fupi inayomfikia kiunoni.

Bibi anasema kudeki si kazi ya mwanaume

*Tunaishi na mama yangu, ametoka Kondoa kuja kutusaidia. Kijana wangu wa miaka 11 alikuwa anadeki na kufua nguo zake. Sasa bibi yake anamwambia aache, dada zake wapo. Kijana ameshaanza kuninukulia bibi. Sitaki kumvunjia mama heshima.* — Baba wa wanne, Chang'ombe

Usibishane na mama mbele ya mtoto, hata kwa utani. Ukibishana, utashindwa wewe hata kama una haki, kwa sababu kijana atakuwa amepata hakimu wa rufaa. Zungumza naye mkiwa wawili, baada ya chakula, na umpe hoja anayoijua: kijana huyu akifaulu na kupangiwa shule ya bweni, atafua mashati yake mwenyewe na kudeki bweni lake. Hakuna dada atakayemfuata huko. Wazee wengi wa kike hawapingi kazi yenyewe. Wanaogopa mjukuu atachekwa. Mwonyeshe kwamba atachekwa zaidi akifika bweni hajui kusuuza kola.

Kisha mfanye bibi kuwa mwalimu. Muombe amfundishe mjukuu kitu anachokiweza yeye kuliko nyote: kupepeta mtama kwa ungo, au kupika mlenda usiomwagika kwa povu. Akishakuwa mwanafunzi wa bibi jikoni, suala la jikoni ni la nani litapoa lenyewe. Na angalieni upande wa pili pia: dada zake wajifunze kubadilisha taa, kufunga bomba linalovuja, kukaza skrubu za kitanda. Msichana asiyejua kufunga koki kuu nyumba ikifurika, naye amepunjwa.

Kuhusu kola, kwa kuwa umetaja kufua: shati jeupe la shule lilowekwe dakika 30 kwenye maji ya sabuni ya unga, kola na mikono vikiwa vimepakwa sabuni ya mche kabla ya kulowekwa. Asugue kitambaa kwa kitambaa. Brashi ngumu inamaliza kola kabla ya mwaka kuisha.

Nimlipe?

*Binti yangu wa miaka 12 anataka hela kila akifanya kazi ya nyumbani. Shoga yake analipwa.* — Mama Kisasa

Hapana kwa vyombo, kufagia na kutandika kitanda, kwa sababu amekula kwenye hizo sahani na amelala kwenye hicho kitanda. Siku atakapokuwa na hela ya kutosha atakwambia leo hahitaji, na hutakuwa na jibu. Lakini ipo kazi ambayo ungemwita mtu wa nje na kumlipa: kuosha gari, kumenya gunia la karanga, kupalilia bustani nzima. Hiyo mlipe, mkubaliane kabla ya kuanza, na umlipe siku hiyohiyo.

Moto, gesi na ndoo: lini aachiwe?

*Tuna jiko la gesi mtungi mdogo wa kilo 6 na jiko la mkaa. Mkubwa wangu ana miaka 11 na anataka kupika. Mdogo wa 7 anataka kubeba maji kama kaka yake. Naogopa, lakini sitaki kuwalea kama mayai.* — Mama Ihumwa

Hofu yako ina sababu, na dawa yake ni hatua. Kwa umri wa miaka 11 mwanzishe, lakini mtu mzima awe hapohapo jikoni. Kumwacha peke yake na moto kungoje hadi 13 au 14, na kutegemee unavyomwona, siyo miaka tu. Mtoto anayesahau begi lake njiani atasahau pia sufuria.

Aanze na vitu vya maji: chai, kuchemsha mayai, wali. Kukaanga kuje mwisho kabisa. Mafuta yakishika moto asimwagie maji kamwe; afunike sufuria kwa mfuniko au sinia na kuzima jiko. Mfanyishe zoezi hilo sufuria ikiwa baridi na jiko limezimwa, mara tatu, mpaka mkono uende kwenye mfuniko wenyewe.

Ugali kwenye mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake ni hatari ambayo wengi hawaioni. Mtungi ni mrefu, kitako chake ni chembamba, na kusonga ugali ni kusukuma kwa nguvu kuelekea pembeni. Sufuria inateleza au mtungi mzima unalala. Ugali wa watu wanne na zaidi usongwe kwenye jiko lililo chini na imara, sufuria ikishikwa kwa vitambaa viwili vinene vikavu. Kitambaa kibichi kinapitisha joto haraka. Kanga zenye ncha zinazoning'inia, mitandio na mikono mipana vivuliwe kwanza.

Harufu ya gesi ikisikika: afunge vali ya mtungi ikiwa anaifikia kwa usalama, afungue mlango na madirisha, asiguse swichi yoyote, si kuwasha wala kuzima, atoke nje na kumwita mtu mzima. Mwandikie hayo kwa herufi kubwa na kuyabandika mlangoni.

Jiko la mkaa liwashwe nje. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi zikiwa za baridi, kuna kishawishi cha kuliingiza chumbani lipashe joto. Msifanye hivyo. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na huua watu usingizini.

Akiungua, papo hapo weka sehemu iliyoungua kwenye maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Siku ya mgao, kama hakuna maji yanayotiririka, beseni moja linatosha. Badilisha maji yakipata joto. Dawa ya meno, mafuta, yai, asali, barafu, vyote hapana. Funika kwa kitambaa safi. Ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au liko usoni, mkononi, kwenye kiungo au sehemu za siri, nenda hospitali.

Na huyo wa miaka 7. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita 20 likijaa linakaribia uzito wake yeye mwenyewe. Mpe madumu mawili ya lita moja na nusu, moja kila mkono, ili mgongo usipinde upande. Akifika 10 anaweza kubeba dumu la lita 5. Ndoo ya kichwani iwasubiri wakubwa.

Jambo moja hukuuliza, lakini lazima tuliseme. Jiki na dawa ya kusafishia choo zisichanganywe kamwe. Zikikutana hutoa gesi ya sumu inayochoma mapafu. Kusafisha choo kwa dawa ni kazi ya mtu mzima. Mafuta ya taa nayo yasikae kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa usimtapishe, maana yakipanda yanaingia mapafuni. Mkimbize hospitali na chupa yenyewe.

Dada wa kazi yupo, watoto hawagusi kitu

*Watoto wangu wa 10 na 14 wanamwacha dada afanye kila kitu, hata kuokota soksi zao. Huyo wa 14 yuko kidato cha pili, ana tuisheni, anasema amechoka.* — Mama Area D

Kaa na dada kwanza, kisha mgawane kazi mkiwa wote pamoja na watoto, ili asije akaonekana ndiye anayewatuma. Vitu vya mwili wa mtoto ni vya mtoto, dada asiviguse: kitanda, chandarua, chupi na soksi, sahani yake, sanduku la vitabu. Nguo za ndani afue mwenyewe anapooga, kuanzia miaka 9 au 10.

Huyo wa kidato cha pili, siku za tuisheni mwachie hayo tu, dakika 15. Jumamosi achukue kazi moja ya saa moja na nusu. Karibu na mitihani punguza, usifute. Likizo za mwezi wa sita na wa kumi na mbili ndizo za kujifunza kazi mpya, maana ana muda wa kuikosea.

Na umri wa dada mwenyewe uutazame. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa kuajiriwa, kwa kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia shule. Na mwenye umri wa karibu na wa mwanao anachoka kama mwanao.

Mwisho, msomaji wa Mpwapwa anauliza afanye nini na mtoto wa miaka 4 anayelilia fagio. Mpe. Kata mpini au funga upya fagio libaki na urefu wa sentimita 60 hivi, limfikie kifuani. Nyunyizia uwanja maji kidogo kwa mkono kabla hajaanza, vumbi lisimwingie machoni, na mchoree duara kwa kijiti chini ya mti: ndani ya duara hili ni pako. Atafagia majani yote kuyatoa nje ya mstari, halafu atakuja kukuita uone.